Pipa la Macho

Nyie mnaoanza kazi kwenye viwanda vya sabuni na dawa za vyoo, nakuombeni mnisikilize kidogo kabla hamjafunga aproni. Mimi watu wananiita Mama Saumu. Nimefanya kazi kiwandani karibu miaka ishirini, hapa hapa Tanga, na nimetoka mapema, hamsini sijafika, kwa sababu mgongo ulistaafu kabla ya mwenyewe. Sijasoma sana. Niliishia darasa la saba, halafu baadaye sana, nina watoto wawili tayari, nikaingia masomo ya jioni pale Mabawa. Huko ndiko nilikojifunza kuandika kitu kirefu kuliko barua ya kuomba ruhusa. Kwa hiyo nitaandika vile ninavyosema, mtanivumilia.

Nitawaeleza mambo ya kemikali ikimwagika, maana hayo nayajua. Lakini nisiwafiche. Kilichoniketisha hapa si ualimu. Kuna mwenzetu mmoja leo hana macho, na kuna mzee alifukuzwa kazi kwa kosa ambalo hakulifanya. Aliyejua ukweli ni mimi, na nilinyamaza. Mzee yule mwaka huu amefariki. Nilitaka anisamehe, na sijui sasa nifanye nini.

Mzee mwenyewe alikuwa anaitwa Mzee Kombo. Mpemba, mfupi, kofia yake ya kiua imepauka kwa mvuke wa asidi, ndiye mtunza stoo wetu. Chuo hakwenda, lakini hakuna pipa lililoingia pale hajalisoma maandishi yake yote, na asipoyaelewa anamsumbua meneja mpaka amtafsirie. Alikuwa akisema kemikali ni kama mgeni usiyemjua kwao: mkaribishe, mpe heshima yake, lakini usimlaze chumba kimoja na watoto. Asidi aliiweka upande wa kusi, kostiki, ile magadi kali ya kupikia sabuni, upande wa kaskazini, na klorini chumba chake peke yake. Ukimwuliza kwa nini, anakujibu, "Wake wenza hao. Wakikutana hapa ndani, tutakaokufa ni siye."

Kitu cha kwanza alichonifundisha kilinitia aibu. Alitaka ndoo kumi za mchanga zipangwe ukutani, ili kitu kikimwagika tukizungushie, kisiende mtaroni. Mimi nilikuwa mpya, nataka nionekane hodari. Nikachukua viroba, nikaenda Raskazone, nikachota mchanga mzuri mweupe wa pwani, nikaja nao umepakiwa kwenye guta. Mzee akaushika, akautazama.

"Umeutoa wapi huu?"

"Raskazone, Mzee. Angalia ulivyo msafi, hauna hata jani."

"Msafi kweli. Chukua kibakuli kile cha plastiki, tia kiganja kimoja. Sasa rudi nyuma. Nyuma zaidi, mwanangu."

Akavaa glavu na miwani, akadondosha asidi ya choo kidogo juu yake. Mchanga ukachemka kama mafuta yaliyoingia maji. Ukatoa povu, ukarusha vitone, ukatoa mvuke wa kukaba koo.

"Huu si mchanga," akasema. "Haya ni makombe na matumbawe yaliyosagika. Ni chokaa hii, na asidi ikikutana na chokaa hugombana. Ungemwaga ndoo nzima hapa, ungemrushia mwenzio usoni."

"Sasa niutoe wapi?"

"Mtoni. Wa mtoni hausemi kitu."

Wanawake wa zamu yangu wakaniita Bi Makombe mwezi mzima. Lakini mpaka leo nikiona ndoo ya mchanga kwenye kiwanda cha watu, naingiza mkono nitafute makombe. Na nyie fanyeni hivyo. Sisi wa pwani mchanga tumeuzoea, tunadhani mchanga wote ni mmoja.

Mengine nitayasema haraka. Asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, maji hayatiwi kwenye asidi. Kostiki ikimwagika usiipanguse na kanga wala kitambaa cha mkononi, itapita mpaka kwenye nyama na hutaisikia mpaka imeshafika. Vaa gumbuti, acha kandambili nyumbani, na suruali iwe juu ya gumbuti, isiwe ndani, la sivyo umeifungulia njia. Usitie kemikali kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja, hata kama ni wewe mwenyewe utakayeitumia. Kitu kikimwagika, kwanza piga kelele, pili ondoa watu, wakae upande upepo unakotoka, tatu ziba mtaro, ndiyo uanze kuhangaika na kilichomwagika. Watu wengi wanaanza na ufagio.

Mzee Kombo alikuwa anatufanyisha mazoezi kila mwezi. Kwa kuwa kostiki ya kumwaga ovyo haikuwepo, alikuwa anamwaga uji. Anapika sufuria nzima ya uji wa mahindi, anaumwaga sakafuni ghafla, anapiga sinia, nasi tukimbie kila mtu na kazi yake. Bi Tatu, aliyekuwa kwenye mashine ya kujaza chupa, mwanamke wa Kidigo mwenye mdomo, kila mara alikuwa anasema, "Mzee, ungetupa tunywe kwanza, nguvu za kukimbia tutazitoa wapi?" Na kweli baada ya mazoezi alikuwa anatupikia mwingine.

Siku moja akatuambia, kemikali ikikumwagikia nguoni, vua papo hapo, usifikirie. Wanawake tukatazamana. Bi Tatu akauliza, "Nivue wapi? Mbele ya wale wapakizi?"

"Uvue."

"Mzee, mimi afadhali niungue."

Mzee akaondoka. Sisi tukacheka. Kesho yake tukakuta nyuma ya stoo kumefungwa kamba, kumetundikwa pazia la gunia, na ndani yake kanga mpya doti mbili na dera moja la mkewe. Akasimama mbele yetu. "Sitara nishaipanga. Sasa atakayeungua na nguo mwilini, asinitaje." Sijawahi kuona mpango wa usalama ulioandikwa na wasomi ukafikiria jambo hilo. Wanaandika vua nguo, basi.

Na karibu na lile pazia ndipo palipokuwa na pipa. Lilikuwa pipa dogo la bluu, la lita sitini, lina mfuniko na kopo limening'inizwa pembeni. Tuliliita pipa la macho. Bomba la pale kiwandani lilikuwa na tabia ya kukauka, leo yapo kesho hayapo, kwa hiyo Mzee alisema macho ya watu hayawezi kungoja mgao. Maji yake alikuwa anayabadilisha kila Jumamosi. Kila asubuhi anafungua mfuniko, anahakikisha limejaa, anatia alama ya chaki ubavuni. Hayakuwa maji ya chai, wala ya kunawa mikono, wala ya kusuuza vyombo. Kostiki ikiingia jichoni, mshike mwenzio kichwa, mfumbue kope kwa nguvu hata akikupiga, mimina maji, mimina, mimina, robo saa nzima. Akatupa na kipimo, kwa kuwa hatuvai saa kazini: vuta uradi taratibu, zungusha tasbihi nzima mara kumi, ndipo uache. "Na msilete maziwa," akasema, "wala mafuta ya nazi, wala ndimu. Jicho si mchuzi."

Mnaona alivyopanga. Hakuacha kitu. Alipokosea ni mahali pamoja tu, hakufikiria kwamba watakaolimaliza pipa lile ni watu wa swala.

Ilikuwa Ijumaa. Bomba limekauka tangu jana yake. Wanaume wote wamekwenda msikitini, na Mzee Kombo amekwenda nao. Sisi wanawake tulikuwa tunaswali adhuhuri yetu pale pale, kwenye kipembe kilichokuwa safi karibu na maboksi. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa zamu, na mimi ndiye niliyekuwa nawahimiza kuswali. Nilijivunia hilo, naomba Mungu anisamehe.

Bi Tatu akaja na mikono mikavu. "Bomba halitoi kitu. Tutatayamamu kwa vumbi?"

"Utatayamamu na maji yapo?"

"Yapo wapi?"

"Pipani."

"La macho? Mzee atatunyonyoa."

"Mzee yuko msikitini, anamwomba Mungu huyo huyo. Akirudi nitamwambia mwenyewe, yatajazwa."

Tulikuwa wanawake wanane. Kila mmoja akatawadha, uso mara tatu, mikono mara tatu, miguu mara tatu mpaka juu ya vifundo, maana sakafu ya kiwandani ina unga wa sabuni. Hatukubana maji. Nilikuwa wa kwanza. Wa mwisho aliinamisha pipa.

Wa tisa alikuwa Mwanaidi. Yeye siku zile hakuwa na swala, kwa hiyo alibaki kwenye sufuria kubwa ya kupikia sabuni, anahamisha maji ya kostiki kwa ndoo. Alikuwa mtu wa mizaha, binti mkubwa, ana mtoto mmoja. Tukiwa tunajipanga akatuitia kutoka kule, "Na mimi niombeeni. Mwambieni nataka mume mwenye meno yote."

"Wa mwisho alikuwa na meno," Bi Tatu akamjibu.

"Alikuwa nayo, akanimaliza nayo."

Tukacheka, tukafunga swala.

Tulikuwa rakaa ya pili. Sikusikia ndoo ikianguka, nilisikia sauti ya Mwanaidi, na haikuwa sauti ya mtu aliyejikwaa. Nikaivunja swala. Hilo nilifanya sawa. Mpini wa ndoo ulikuwa umekatika akiwa ameinyanyua kifuani, na miwani yake ilikuwa juu ya paji la uso, jasho lilikuwa linamsumbua. Alikuwa amekaa chini, viganja viko usoni. Nikapiga kelele walete watu, nikakimbilia pipa, nikachota.

Kopo likagonga kwenye plastiki. Nikalizamisha tena, kana kwamba maji yamejificha. Mpaka leo nikigonga kopo kwenye ndoo tupu nyumbani, lazima nikae.

Chupa mbili za maji ya kunywa zilikuwepo, nikammiminia, zikaisha kabla sijamfumbua jicho la pili. Mmoja wetu akaja na mafuta ya nazi, nikamsukuma. Wawili walikimbilia gereji ya ng'ambo ya barabara, kuna kisima. Kuvuta maji na kurudi nayo, sijui ilichukua muda gani. Yalipofika nilimimina, nilizungusha tasbihi mara kumi, nikazungusha kumi nyingine, na Mwanaidi ananing'ang'ania mkono anasema, "Macho yanapoa, Mama Saumu? Sema kama yanapoa." Lakini kostiki haingoji mtu akachote maji. Hospitali walihangaika naye wiki nyingi. Jicho moja lilikufa kabisa. Lingine linaona mwanga tu, kama mtu aliyefunikwa shuka.

Jumamosi yake meneja akatuita wote stoo. Mzee Kombo alikuwa hajalala, macho mekundu. Meneja akaonyesha pipa.

"Nani anajaza hili?"

"Mie," Mzee akasema. "Na jana asubuhi lilijaa. Nilitia chaki, hiyo hapo."

"Chaki naiona. Maji siyaoni. Yamepaa?"

Mzee akatugeukia. Hakututazama kwa kutushuku, wallahi, alikuwa anatafuta tu mtu wa kumkumbusha. Mimi nilikuwa mbele. Nilishawaambia wenzangu asubuhi ile, getini, tusiseme kitu kwanza, tusikilize. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilijiambia nitamwambia meneja faragha, si mbele za watu, watasema swala ndiyo iliyomtoa mwenzetu macho, na kipembe chetu tutanyang'anywa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyingine ni kwamba niliogopa.

Mzee akaligusa lile pipa ubavuni. "Labda," akasema pole pole. "Labda chaki hii ni ya Alhamisi. Siku hizi nasahau."

Hakusahau kitu. Na mimi nikatazama viatu vyangu.

Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri wa masomo ya jioni, meneja akanipa mimi niandike ripoti ya tukio. Nikaandika: pipa la maji ya dharura lilikutwa tupu. Mwenye jukumu la kulijaza ni mtunza stoo. Miwani haikuwa mahali pake. Mpini wa ndoo ulikuwa umechakaa. Nisomeeni tena hayo, mnitafutie neno la uongo, hamtalipata. Meneja akanisifu, akasema ndivyo ripoti inavyotakiwa, fupi na kweli.

Mzee Kombo akatolewa wiki ile ile. Alikuja kuniaga kwenye mashine. Alikuwa amebeba mfuko wake wa nguo. "Pipa nakuachia wewe, Mama Saumu. Wewe una kichwa kizuri. Usisahau kama mie."

Nikasema, "Inshallah, Mzee."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye somo lenyewe, kama mnataka somo. Kemikali ikishamwagika na ikishafutwa, kazi haijaisha, kuna kuuliza kwa nini. Ukijibiwa uongo hapo, mtatengeneza kitu ambacho hakijaharibika, na kilichoharibika mtakiacha. Meneja alipata jibu kwamba mzee amesahau. Basi akamwajiri mtu mwingine asiyesahau, akabandika ukutani karatasi kubwa ya mpango, ina rangi, ina mishale. Bomba la kutawadhia hakuna aliyelijenga, maana hakuna aliyejua kwamba linahitajika. Na maji yaliendelea kukatika, na adhuhuri iliendelea kuingia.

Mimi nikawa najaza. Kila asubuhi naenda kisima cha gereji na ndoo kichwani, na adhuhuri ikipita naenda tena. Miaka saba. Wasichana wapya wakitaka kutawadha pale nawakatalia, nawaambia haya ni maji ya macho. Wananiuliza, kwani yakitumika yatafanya nini? Na mimi nilikuwa na jibu la kuwanyamazisha wote, lenye jina la mtu, lakini siwezi kulisema bila kujitaja. Nikawa nabweka tu, haramu, haramu. Wakaniona mkali. Nikigeuka wanachota, nikirudi najaza. Bi Tatu alikuwa ananitazama, hasemi kitu. Siku moja tu alisema. Alinipokea ndoo, akaitua, akaniambia, "Shoga, huo mgongo utaukata, na yule mzee hatarudi." Mgongo ukakatika kweli.

Hata dini yangu ilinihukumu. Niliwahi kumwuliza ustadhi wa mtaani kwetu, nikajifanya nauliza kwa niaba ya mtu. Akasema maji yaliyowekewa haja ya lazima, kama kiu ya mtu au mnyama, yanahesabiwa hayapo, unatayamamu na swala yako ni timamu. Bi Tatu alikuwa sahihi. Mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake alinipa fatwa iliyo sawa, na mimi nikamjibu kwa kiburi.

Mfungo mosi mwaka huu, Ramadhani imekwisha tu, simu ikaja. Mtoto wa Mzee Kombo, mtu mzima, anapiga namba alizozikuta kwenye daftari la baba yake. "Mzee ametangulia," akasema. Nikasema yanayosemwa. Halafu nikamwambia ngoja, usikate, nina neno. Nikamwambia yote, tangu pipa mpaka ripoti. Ilikuwa mara ya kwanza maneno yale kutoka mdomoni mwangu, nayo yalichukua dakika chache sana, ndiyo kitu kilichoniuma.

Nikasikia anafunga mlango kule aliko.

"Mama," akasema, "baba tangu arudi alikuwa anaandika kila kitu kwenye vikaratasi. Nimeswali. Nimekula. Nimefunga mlango. Tulikuwa tunamcheka. Alisema hajiamini, aliwahi kusahau jambo likamponza mtu."

"Hakusahau."

"Nimekusikia kwamba hakusahau."

"Nisameheni, mwanangu. Nyie ndio warithi wake."

"Mimi kwa upande wangu sina la kukufanya. Lakini la baba ni la baba. Siwezi kusaini kwa niaba yake." Akanitakia heri, akakata. Hakunikosea adabu hata kidogo.

Kiwandani nilikwenda pia. Meneja ni mwingine sasa, kijana, akanipa kiti, akanipa maji. Nikamweleza, nikamwomba ajenge bomba la udhu upande wa pili, mbali na pipa, ndilo dawa. Akasikiliza vizuri. Akasema faili la tukio lile lilishafungwa, lakini atalitazama suala la bomba kwenye bajeti. Nikitoka nikapitia nyuma ya stoo. Pipa lipo, mfuniko haupo, ndani kuna mafagio. Kama mmoja wenu yuko pale, na asiwe na haya ya kuyatoa.

Alibaki Mwanaidi. Alirudi kwao Mwera, kule Pangani, anakaa kwa mama yake. Nilikuwa namtembelea zamani, mara mbili tatu kwa mwaka, nampelekea sabuni na sukari, halafu nikapunguza. Safari hii nilikwenda mikono mitupu. Nilimkuta uani anachambua mchicha kwa vidole, jani na shina, haraka kuliko mimi mwenye macho. Nilipobisha hodi akanitambua.

"Karibu, Bi Makombe. Umekonda, sauti yako imekonda."

Nikakaa kwenye kigoda. Sikunywa maji aliyoniagizia. Nikamwambia. Hakuacha kuchambua, ila vidole vilipungua mwendo.

"Mlitawadhia."

"Tulitawadhia."

"Nani aliyesema mchukue?"

"Mimi."

"Na Tatu alikuwepo?"

"Alitaka kutayamamu. Mimi nikamkataza."

Akachambua mashina matatu mengine. "Mimi nilikuwa nawasikia," akasema. "Nasikia kopo, nikadhani bomba limerudi."

"Mwanaidi, nimekuja uniambie lolote unalotaka."

"Ngoja kwanza. Yule mzee alikuja hapa."

"Mzee Kombo?"

"Nilipotoka hospitali tu, kabla hajapanda boti kurudi kwao. Hapo hapo ulipokaa. Alilia, mtu mzima yule, mpaka mama akatoka ndani. Ananiambia, mwanangu nisamehe, nilisahau kujaza maji." Akaweka mchicha chini. "Nikamwambia aondoke. Nikamwambia radhi yangu hataipata duniani wala akhera. Aliondoka anapapasa ukuta, mama ndiye aliyenisimulia, anapapasa kama ndiye kipofu. Nilifurahi. Basi hilo jambo, tuseme, si lake. Nipe namba yake, Mama Saumu, nimpigie leo."

"Amefariki."

"Lini?"

"Mfungo mosi."

Alinyanyua uso akauelekeza kwangu, akakosea kidogo, ukaangalia begani.

"Haya wewe uliyesoma," akasema, "niambie. Mimi sasa nikamwombe radhi nani?"

Nikasogeza kigoda, nikachambua naye mchicha mpaka basi la mwisho la kurudi Tanga.